Miezi Sita kwa Mwajiri Mmoja

Viza yangu ilikuwa na sharti moja ambalo wenzangu wote walilipenda na mimi nikaja kulichukia. Ilikuwa viza ya vijana wa kilimo, ya kuja Amerika mwaka mmoja na nusu kujifunza kazi kwa vitendo, na sharti lenyewe lilisema usikae kwa mwajiri mmoja zaidi ya miezi sita. Ikitimia, unafunga mabegi, mpango uliokuleta unakupeleka kwa mwingine. Siku ya kwanza tulielezwa kwamba sharti hilo ni la kutulinda. Mwajiri mbaya utaachana naye mapema, na mwajiri mzuri atakufundisha ya kwake, kisha utakwenda kufundishwa mengine. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mtu akimpenda mwajiri wake. Tulikuwa tumetoka kushuka kwenye ndege na makoti ya kuazima, tukifikiria chakula.

Nilipangiwa Lakeville, kusini ya Minneapolis, kwa mama mmoja mjane wa miaka sabini na kitu aliyekuwa akiotesha maua ya kuuza. Alikuwa na mabanda matatu ya kioo, nyumba nyeupe ya mbao na gari la pikapu lililonizidi umri. Miaka ile ya tisini Lakeville ilikuwa bado haijaamua kama ni shamba au ni mji. Upande mmoja wa kiwanja chake kulikuwa na mahindi, na upande wa pili nyumba mpya zilikuwa zikiota haraka kuliko mahindi, kila moja na gereji ya magari mawili na taa kali mlangoni.

Nilifika mwezi wa Mei. Aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wenyeji wanavyofanya. Nilijaribu, ulimi ukagoma. Mtu mwenye umri wa bibi yangu nimwite jina lake, halafu nilale salama? Nikamwuliza kama naweza kumwita Bibi, nikamweleza maana yake. Alifikiri kidogo huku anafuta mikono kwenye aproni. Akasema, "Haidhuru." Baadaye nilimsikia akimwambia mtu wa posta kwamba yeye sasa ni Bibi, na mtu wa posta akampongeza.

Wiki ya kwanza nilidhani hanipendi. Alizungumza habari za hali ya hewa tu. Nikimwagilia vibaya hakunisema, alikuja nyuma yangu akamwagilia upya, kimya, na kimya kile kiliuma kuliko makofi. Sifa yake kubwa ilikuwa "si mbaya". Nilipopika maharage ya nazi alikula kijiko kimoja akasema, "Hii ni tofauti." Nilifurahi, nikampakulia tena. Ilinichukua muda kujua kwamba watu wa Minnesota wakisema chakula ni tofauti, ondoa sahani. Chapati hakusema neno lolote. Alikula moja, ya pili akaifunga kwenye kitambaa cha mezani akaenda nayo chumbani kwake, akidhani sikumwona.

Lililotuunganisha lilikuwa kahawa. Siku ya pili tu aliniuliza kama nitakunywa kahawa. Nikasema hapana, ahsante, kama nilivyofundishwa na mama yangu, maana mgeni hadaki chakula kama mwewe. Akauliza tena, kidogo tu labda? Nikasema nisimsumbue. Akasema imeshachemka, itamwagwa bure. Basi nikanywa, vikombe viwili. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Wamarekani ukisema hapana mara moja wanakuamini, utashinda na njaa. Kumbe huyu alikuwa wa kabila langu! Watu wa kule nao hawakubali kitu mpaka wabembelezwe mara tatu. Nilipompa chapati ile ya kwanza naye alikataa mara mbili, kwa macho yaliyokuwa yanaomba.

Kuanzia hapo tulielewana. Nilijifunza kunyanyua kopo la mche kujua kama lina kiu, kwa uzito wake mkononi, bila kutia kidole kwenye udongo. Nilijifunza kupita katikati ya meza bila kugusa jani. Jioni tulikaa barazani, yeye akizungumzia mvua itakayokuja na mimi nikikubali kwamba itakuja. Asubuhi moja nilikuta glavu mpya juu ya viatu vyangu, saizi yangu, na nilipomshukuru alisema zilikuwa zimekaa tu. Hazikuwa zimekaa popote, zilikuwa bado na karatasi ya duka. Nilimpenda mwanamke yule, tena sikuwa nimepanga.

Mwezi wa Agosti vilikuja vipandikizi vya maua ya Krismasi. Msomaji anaweza kuwa anayajua kwa sura: ule mmea ambao majani yake ya juu yanageuka mekundu kama damu, watu wakayaita maua. Kwetu Moshi ni mti. Uliota kwenye ua wa kanisa letu, ukapita bati. Kule Minnesota waliuweka kwenye kopo, ukawa na urefu wa mkono, na kila nyumba na kila kanisa lilitaka makopo kadhaa kabla ya Krismasi. Nilimwambia Bibi kwamba sisi tunaukata kwa panga usizibe njia. Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Haya basi," na mpaka leo najua hakuniamini.

Ua lile lina tabia yake. Haligeuki jekundu mpaka lipate giza refu kila siku, wiki nyingi mfululizo. Mwanga ukiliingilia usiku, hata wa taa ya jirani, linasitasita na kubaki kijani. Zamani, Bibi alisema, giza la Lakeville lilikuwa la bure, unafunga mlango unaenda kulala. Sasa nyumba mpya zilimulika mabanda yake kama uwanja wa mpira. Kwa hiyo kila jioni kuanzia mwisho wa Septemba tulivuta kitambaa cheusi kizito juu ya meza zote, na asubuhi tukakivua. Mmoja huku, mwingine kule, tunatembea pamoja. Ilikuwa kazi ya watu wawili, ingawa miaka ya nyuma aliifanya peke yake.

Katikati ya shughuli hiyo, msimamizi wa mpango alipita kututembelea. Alikuwa mwanamke mpole mwenye haraka. Alitukumbusha wote wawili, tukiwa tumekaa meza moja, kwamba miezi yangu sita itaisha katikati ya Novemba. Kuna nafasi ya kuongeza muda kwa mwajiri yule yule, alisema, mpaka msimu wa baridi uishe, lakini mwajiri mwenyewe lazima apige simu kuomba, kabla Oktoba haijaisha, na mwanafunzi awe amekubali. Bila hivyo nitapelekwa Coon Rapids, kaskazini ya Minneapolis, kwenye duka kubwa la miche na vifaa vya bustani. Kisha akaondoka, akatuachia jambo hilo mezani.

Bibi aliosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Akasema, bila kugeuka, "Utakuwa unataka kuona mahali pengine, basi."

Moyo wangu ulisema hapana. Mdomo wangu ukasema, "Ndiyo, ni vizuri kujifunza mengi."

Nilisema vile nikiamini kabisa kwamba atauliza tena. Si ndivyo tulivyoishi? Kahawa anauliza mara tatu, keki mara tatu, hata koti aliniomba mara tatu nivae. Nikasubiri swali la pili. Halikuja. Alisema kesho kutakuwa na upepo.

Oktoba nzima nilimzunguka mwanamke yule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikawa namwambia maua yanaendelea vizuri, ningependa kuyaona yakigeuka. Anajibu kwamba Coon Rapids nako yatakuwepo. Nikamwambia kitambaa hiki ni kizito kwa mtu mmoja. Anajibu ameshakizoea. Kila jibu lake lilinichoma. Niliona wazi kwamba nimemchosha, anahesabu siku niondoke, na kama si ustaarabu angekwisha kunibebea begi. Usiku nilijiambia nina kichwa kikubwa bure, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nilishalishika miezi mitano, nataka nini tena? Nilitaka kubaki. Sikutaka kitu kingine chochote Amerika nzima.

Coon Rapids huko huko aliishi mtu wa kwetu, mwanamume wa miaka arobaini na tano hivi aliyekuja kusoma zamani na sasa anafanya kazi maabara ya hospitali. Nilimwita Baba Mdogo. Hatukuwa na undugu wa damu, lakini ugenini mtu wa wilaya yako ni damu tosha. Mkewe alikuwa Mkenya, mwuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, na yeye nilimwita Mama Mdogo. Jumapili mara moja moja walinifuata kwa gari, tukapitia mtaa wa Cedar-Riverside mjini kununua viungo na unga, tukaenda kwao kula pilau. Jumapili moja ya Oktoba nilikaa jikoni kwao, nikaanza kumenya vitunguu, na kabla sijamaliza cha kwanza nilikuwa nalia kuliko kitunguu kinavyostahili.

Nikawaeleza yote.

"Sasa umemwambia unataka ku-stay?" Mama Mdogo aliuliza.

"Nimemwambia maua yanaendelea vizuri."

"Maua! Wacha jokes. Si umwambie tu? Sentence moja. Huyo mama ata-know aje, ni mganga?"

"Mama Watoto, mambo hayaendi hivyo," alisema Baba Mdogo kutoka sebuleni. Alizima televisheni, ishara kwamba jambo limekuwa la wazee. "Binti hajiombei nafasi kwa mdomo wake. Akikataliwa, uso wake atauweka wapi? Na yule mama naye, akitaka kukataa, atamkataliaje mtoto anayelala nyumbani kwake? Haya ni mambo ya kutumiana watu. Penye wazee haliharibiki neno."

"Basi piga simu leo," alisema mkewe. "Wamesema kabla Oktoba iishe."

"Simu? Nimpigie simu mama wa watu, hanijui, hajaniona? Tutakwenda."

Nilishusha pumzi. Hivyo ndivyo mambo yanavyofanywa, nikajiambia, na kweli hivyo ndivyo yanavyofanywa. Lakini ujumbe wa heshima hauendi mbio. Jumapili iliyofuata Mama Mdogo alipangiwa zamu, na kwenda bila mke ni kwenda nusu. Iliyofuata hiyo, Baba Mdogo aliona suti yake haijatoka kwa dobi. Safari ikaangukia Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nilimkumbusha tarehe ya msimamizi, akanicheka kwa upole. "Siku mbili tatu hazivunji nyumba, mwanangu." Nilikubaliana naye. Kwa akili yetu sisi, tarehe ya mwisho ni mwanzo wa mazungumzo.

Nilimwambia Bibi kwamba ndugu zangu wangependa kuja kumsalimu. Akaoka keki mbili.

Walikuja baada ya ibada. Baba Mdogo alivaa suti ya bluu iliyoiva, tai, viatu vinavyong'aa, na mkononi alishika mkoba wa ngozi ambao ndani yake, mimi najua, mlikuwa na miwani tu. Mama Mdogo alibeba sinia ya mandazi iliyofunikwa na kanga mpya, zawadi. Bibi aliwapokea vizuri. Aliwauliza njia ilikuwaje, wakamwambia. Aliwatangazia theluji, wakaikubali. Kahawa ilikataliwa na kukubaliwa ipasavyo. Mimi nikawa napita na birika.

Baba Mdogo alianza mbali, kama inavyopasa. Mtu haingii na shida yake mkononi. Alisifu nyumba. Alisifu mabanda. Akauliza eneo lote ni eka ngapi. Bibi akamwambia. Akasema aa, ni eneo zuri sana, tambarare, na barabara ipo hapo hapo. Akauliza maji. Akauliza mpaka unaishia wapi. Akauliza watoto, Bibi akasema ana mmoja, yuko mbali. Akauliza kama mtoto huyo anapenda kilimo, Bibi akasema hapana. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema ni kazi kubwa kwa mtu mmoja, kazi ya namna hii, kwa umri.

Yote hayo, kwetu, ni heshima. Mtu akija nyumbani kwako asiulize shamba lako, amekudharau. Lakini nilikuwa namtazama Bibi, na niliona uso wake unafunga dirisha moja baada ya jingine. Alikuwa amenyooka kwenye kiti. Andazi lake aliliweka sahanini, limeumwa mara moja.

"Bwana," alisema, "umekuja kwa adabu kuliko wengine waliotangulia. Lakini siuzi. Niliwaambia wote siuzi." Halafu akanitazama mimi, na sauti ikashuka. "Sikutegemea kwamba wangemtumia huyu msichana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kiangazi kizima walikuwa wamekuja wanaume wenye suti na mikoba, kutoka kwa wajenzi wa zile nyumba mpya, wakanywa kahawa yake, wakamsifia nyumba, wakamwuliza eka. Nami nilikuwa ndiye ninayewafungulia mlango. Sasa aliona nimemletea wa kwangu. Maneno yote ya Kiingereza niliyokuwa nayo yaliondoka chumbani.

Ndipo Mama Mdogo alipoweka kikombe chini kwa kishindo.

"Mama, hakuna mtu ananunua kitu hapa! Huyu mtoto anataka kubaki na wewe. Ndiyo yote. Amelia kwa kitchen yangu mpaka vitunguu vikamwonea huruma. Tumekuja kukuomba umwache abaki, na huyu mume wangu angefika hapo by Christmas."

Alisema kwa Kiingereza, sehemu kubwa, na kilichozidi alikisema kwa mikono. Baba Mdogo alimtazama kama mtu aliyenyang'anywa usukani barabarani. Kisha akavua miwani ambayo hakuwa ameivaa, yaani alipapasa usoni akakuta haipo, akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, Mama. Hilo ndilo tulilokuja nalo."

Bibi alinigeukia. "Ni kweli?"

"Kama haitakuwa usumbufu," nikasema. Mungu anisamehe, hata hapo.

"Nilidhani unataka kuona mahali pengine."

"Nilisema vile kwa adabu."

"Na mimi niliuliza kwa adabu," alisema Bibi.

Mama Mdogo alianza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ile kanga ya zawadi. Baba Mdogo akafuata. Bibi hakucheka. Alinyanyuka, akaenda jikoni, nikamsikia anajaza maji birika ambalo lilikuwa limejaa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu pembeni, akawakatia wageni keki vipande ambavyo mtu mzima hawezi kumaliza. Walipoondoka aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akasimama dirishani mwa gari akizungumza nao, nao hawakuwasha injini, mpaka baridi ikatushinda wote.

Jumatatu asubuhi alipiga simu kwa msimamizi. Alipiga amesimama wima, na alitumia sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti isiyo na hali ya hewa ndani yake. Alisema anamhitaji msichana huyu. Akanyamaza, akasikiliza. Akasema anajua Oktoba imeisha. Akasikiliza. Akasema kama kuna mtu wa juu zaidi, yuko tayari kuzungumza naye sasa hivi. Akasikiliza muda mrefu. Mwisho akasema ahsante, kwa sababu hata akichomwa kisu angesema ahsante, akarudisha simu ukutani.

Nafasi zilikuwa zimefungwa. Duka la Coon Rapids lilikuwa limeshaahidiwa mimi, likamkataa mtu mwingine kwa ajili yangu. Viza yangu ilinitambua kwa mwajiri aliyepangwa tu. Nikibaki siku moja zaidi ya miezi sita nimeivunja, na nitarudishwa nyumbani.

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi," alisema Bibi. Huo ndio msemo wao, wanausema gari likizama kwenye theluji na nyumba ikiungua. Alishika ukingo wa meza. "Hapana," akasema. "Haiwezi."

Sikumlaumu Baba Mdogo na simlaumu leo. Alitusaidia kutoa neno ambalo mimi na Bibi tusingelitoa wenyewe mpaka tuzeeke, Bibi kwa mara ya pili. Tatizo ni kwamba sheria haijui kubembelezwa. Inauliza mara moja.

Bibi alinipeleka Coon Rapids mwenyewe, kwa pikapu yake. Ni kukatiza Minneapolis nzima, kusini mpaka kaskazini, na yeye hakuipenda barabara kuu. Aliendesha polepole mpaka malori yakatupigia honi, akawa anawapungia mkono kana kwamba wanatusalimu. Mahali fulani, mto ukiwa chini yetu, alisema bila kuulizwa, "Mwanangu nilimwomba abaki. Alibaki miaka miwili, kwa ajili yangu. Hajanisamehe." Tulipouvuka akaongeza, "Kwa hiyo sikutaka kukuomba." Nilitazama nje ya dirisha, maana angeniona ninavyolia angeweza kukosa njia.

Duka la Coon Rapids halikuwa baya. Walikuwa watu wakarimu, walinipa kibandiko cha jina na fulana ya kijani. Waliniuliza kama nataka kahawa, nikasema hapana ahsante, wakaniamini.

Jumapili ya kwanza tu nilimwomba Baba Mdogo anirudishe Lakeville kutembea. Kutembea hakukatazwi. Lakini msimamizi alikuwa amemweleza Bibi waziwazi kwamba nikifika pale nisifanye kazi yoyote, hata kwa kupenda, hata kunyanyua kopo, kwa sababu mimi sasa si wake. Na Bibi alikuwa Mlutheri wa kweli. Ukimwambia hata kopo, ni hata kopo.

Tulifika saa ya kufunika maua. Baba Mdogo akaenda kununua mafuta ya gari, nami nikamkuta Bibi bandani. Yalikuwa yameanza kugeuka! Kwenye kila kopo majani ya juu yalikuwa na wekundu mishipani, kama mtu aliyeanza kuona haya. Nilipiga kelele ya furaha. Yeye alitabasamu, akageuza ndoo tupu, akaniambia kaa hapo.

Nikakaa. Akaanza kuvuta kitambaa. Alishika upande mmoja, akauvuta kidogo, akazunguka meza, akavuta upande wa pili, akarudi. Kila mzunguko alisimama kupumua, mkono kiunoni. Mtu aliyelelewa kwetu hawezi kukaa na kutazama jambo hilo, miguu inanyanyuka yenyewe. Yangu ilinyanyuka.

"Kaa," alisema.

Nikakaa. Akavuta meza ya pili. Nikanyanyuka tena.

"Bibi, kwetu kijana akimwacha mzee abebe mzigo huku yeye amekaa, hatukanwi yeye. Anatukanwa mama yake."

"Mama yako yuko mbali, hatasikia. Na hizi ni kuta za kioo." Alinyoosha kidole kwenye nyumba mpya, madirisha yake yote yanatutazama. "Mtu akikuona umeshika kitambaa hiki, akasema, watakuondoa hata huko Coon Rapids. Watakurudisha kwenu. Heri uwe Coon Rapids. Coon Rapids nafika."

Nilikaa na mikono katikati ya magoti, nikalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa na nguvu, na kitambaa kilikuwa pale, na yule aliyekuwa akikivuta alikuwa ndiye mtu niliyempenda kuliko wote katika nchi ile.

Alinisikia. Alikuwa kwenye meza ya tatu, kitambaa kimefika nusu. Nje, taa za majirani ziliwaka moja baada ya nyingine, mwanga ukaingia kupitia kioo ukatua juu ya majani. Alizitazama taa, akatazama maua yake. Kisha akakiachia kitambaa, akageuza ndoo nyingine, akaketi kando yangu.

"Yatachelewa," nikasema.

"Yatachelewa."

"Makanisa yanayangoja."

"Nyamaza kidogo," alisema Bibi. Alikuwa anatazama mbele, kwenye meza zilizomulikwa. "Nilitaka ubaki. Nilitaka sana."

"Nami nilitaka kubaki," nikasema.

Baba Mdogo alipiga honi nje, kisha akapiga tena. Hatukuinuka. Bibi alivua glavu yake, akauchukua mkono wangu akaushika juu ya goti lake, wake wenye udongo kwenye kucha, wangu usio na udongo, akaushika tu. Hiyo haikuwa kazi, na hapakuwa na viza iliyoikataza.